Sauti Tulizochagua Pamoja

Asubuhi hiyo lango la kituo cha televisheni lilikuwa halipitiki. Tamthilia mpya ilikuwa inatafuta waigizaji, na kila aliyewahi kuambiwa na majirani kwamba ana sura ya kwenye runinga alikuwa amejitokeza. Wasichana wamepaka midomo rangi ya damu ya mzee, vijana wamevaa makoti ya suti katika jua lile, jasho linawatiririka na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuvua. Katikati ya msongamano huo alikuwa amekwama mwanamke mmoja wa gauni la kijani lenye mifuko, kahawa yake mkononi inapoa. Alikuwa mtunzi wa muziki wa vipindi vya kituo, na pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mtunzi, basi. Mbele yake mlinzi alikuwa anapekua kasha jeusi la mtu mrefu mwembamba.

"Hii nini?" mlinzi akauliza.

"Klarineti."

"Sijakuuliza jina lake. Nimekuuliza ni nini."

"Ala ya muziki, kaka. Inapulizwa. Mimi ni wa okestra ya kituo, kule chini. Kitambulisho nimekisahau kwenye suruali nyingine."

Mlinzi akainua vipande vya mti mweusi vyenye vyuma vya kung'aa, akavigeuza kimoja kimoja juani. "Leo kila mtu ana suruali nyingine," akasema.

Foleni ikacheka. Yule mwembamba naye akacheka, na hapo ndipo Mtunzi alipomtazama sawasawa. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, kola imechakaa kidogo ukingoni, na mashavu ya duara yasiyolingana kabisa na mwili ule, kana kwamba ameazima kwa mtu mnene.

"Mwache aiunganishe apige," Mtunzi akasema. "Kama ni bunduki tutajua."

Akaiunganisha taratibu, akalowesha mdomo, akapiga kipande kifupi tu. Makelele ya langoni yakashuka. Hata wale wa makoti ya suti wakageuka. Alipofika noti ya mwisho hakuishusha mara moja. Aliichelewesha kidogo, kama mgeni anayesita mlangoni kabla ya kuaga, ndipo akaiachia. Mtunzi akanywa kahawa baridi ili apate pa kuweka uso.

"Pita," mlinzi akasema. "Ila kesho suruali zote ziwe na kitambulisho."

Wakaingia ukumbini pamoja, wakasimama mbele ya lifti iliyokuwa haiji.

"Asante dada. Wewe wa ghorofa gani?"

"Ya sita. Natunga muziki wa vipindi."

"Kumbe ndiwe? Sisi kule chini noti zinatushukia tu kama mvua, hatujui zinatoka kwa nani. Wenzangu wanasema mtunzi ni mzee mwenye upara na vidonda vya tumbo."

"Vidonda vya tumbo ni kweli. Na wewe wanakuitaje?"

"Mashavu."

"Hawakukosea."

Lifti ikaja. Yeye alikuwa anashuka, Mtunzi anapanda, lakini wote wawili wakaingia, wakaenda nayo mpaka juu.

*

Kuanzia hapo simu hazikukauka. Mashavu alikuwa na tabia ya kupiga bila sababu. "Nimekupigia kukwambia sina la kukwambia," husema, na Mtunzi hujibu, "Basi sema polepole nisikie vizuri." Kabla msimu wa mvua haujaisha alikuwa ameshafika nyumbani, ameshamsalimia mama.

Mama mwenyewe alikuwa mgonjwa wa figo. Mara kadhaa kwa wiki alikaa kwenye kiti katika hospitali kuu ya mji, mashine ikamtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Kiti hicho kililipiwa na bima ya kazi ya binti yake. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha mwili lakini ulimi ulibaki na uzito wake uleule.

"Shikamoo mama," Mashavu alisema siku ya kwanza, amesimama mlangoni na kasha lake.

"Marahaba, baba. Ndiye mpiga filimbi?"

"Klarineti, mama."

"Ndiyo hiyo filimbi. Inalisha mtu?"

"Inamlisha mmoja, mama. Tunaangalia kama itafika wawili."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo akamwita mkwe, na binti aliponong'ona kwamba mambo bado, mama alijibu kwa sauti ya kusikika jikoni kwamba yeye hana muda wa kusubiri mambo yawe.

Ilikuwa kipindi hicho ndipo mkurugenzi wa vipindi alipomwita Mtunzi ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani inayoning'inia shingoni na mazoea ya kumsogezea mgeni kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Nataka utuchagulie maktaba ya sauti," akasema. "Ile nzuri kabisa. Kituo kitanunua."

Maktaba ya sauti haina kitabu hata kimoja. Ni programu ya kompyuta. Wapigaji wa kweli wa fidla, selo, tarumbeta na ala zote za okestra wameitwa mahali, wakapiga noti mojamoja, kwa upole, kwa nguvu, kwa kukatisha, kwa kuvuta, na kila noti ikarekodiwa ikahifadhiwa. Mtunzi akibonyeza kibodi yake mezani, kundi zima la fidla linaitika.

"Na okestra?" aliuliza.

"Hii ni ya rasimu tu. Uwe unaisikia kazi yako kabla haijashuka kwao. Tutaokoa muda wa kila mtu."

Maneno yalikuwa na mantiki, naye akayachukua kama yalivyo. Akampigia Mashavu palepale kwenye korido. "Njoo unisaidie kuchagua. Mimi masikio yangu yamezoea karatasi. Wewe unajua fidla ikiwa karibu inafananaje."

"Nitalipwa nini?"

"Utakaa na mimi chumba kimoja."

"Nimefika," akasema, na kweli alikuwa ameshaanza kupanda ngazi.

*

Chumba cha kazi cha ghorofa ya sita kilikuwa kidogo. Meza, kibodi, spika mbili za kuwekwa sawa na masikio, dirisha linalotazama matangi ya maji ya jengo la jirani. Mchana, mazoezi ya okestra yakiisha, Mashavu hupanda na karanga kwenye karatasi, wakakaa bega kwa bega. Mtunzi alikuwa ameomba maktaba tatu kwa majaribio.

Ya kwanza ilikuwa imerekodiwa katika ukumbi mkubwa. Alipobonyeza noti ya kwanza, fidla zilipanda zikatanda chumbani kama moshi.

"Tamu," Mtunzi akasema.

"Tamu, lakini hawa wako mbali. Tamthilia yako inahusu msichana anayelia chumbani kwake. Hawa wanamlilia kutoka uwanjani. Na mwangwi huo umeshaingia ndani ya sauti, huwezi kuuchuja."

Ya pili ilikuwa kavu, sauti iko karibu kama mtu anakupigia sikioni. Mtunzi aliipenda mpaka aliporudia noti moja harakaharaka. Ilitoka vilevile kila mara, ta-ta-ta-ta, haibadiliki hata chembe.

"Cherehani hiyo," Mashavu akasema. "Mtu hawezi kupiga mara mbili sawasawa hata akitaka. Mkono unachoka, unaudhika, unamkumbuka mtu."

"Mkono wako unamkumbuka nani?"

"Unamkumbuka mtu mmoja mchoyo wa karanga."

Ya tatu ilikuwa kubwa kiasi kwamba kompyuta ilianza kuhema kama mtu aliyepanda ghorofa zote sita kwa ngazi. Walisubiri ijipakie, magoti yamegusana chini ya meza. Ilipokuwa tayari Mtunzi akapiga wimbo wa polepole. Noti ziliunganika moja na nyingine bila mshono. Alipobonyeza kwa upole, fidla zilinong'ona. Alipokaza kidole, zilikaza nazo. Aliporudia noti, kila mara ilikuja na tofauti yake ndogo.

Mashavu aliacha kutafuna karanga. Kisha akasema taratibu, "Hii ni watu."

"Unaonaje klarineti yake?"

"Lete tumsikie bwana mkubwa."

Mtunzi akapiga sentensi moja ya muziki kwa kibodi, kompyuta ikaihifadhi, na Mashavu akaipiga ileile kwa pumzi yake. Kisha akamwambia Mtunzi afumbe macho. Mara anabonyeza kompyuta, mara anapuliza, anamchanganya.

"Ya sasa hivi ni nani?"

"Wewe."

"Umejuaje? Nimejitahidi nifanane naye."

"Inanukia karanga."

Akacheka, na alipofumbua macho uso wa Mashavu ulikuwa karibu sana. Klarineti ilikuwa kati yao, naye akaiondoa, akaiweka mezani kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto, ndipo akambusu.

Baadaye Mtunzi angekumbuka kwamba michana ile ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote aliyoishi. Hawakuwa wanafanya jambo la ajabu. Walisikiliza noti. Walibishana kama selo ile ina pua au ina kifua. Yeye aliandika kasoro, mwenzake akamwonyesha mahali pa kuzirekebisha: fidla zisianze zote kwa pamoja kama askari, zichelewe kidogo huyu na yule, tarumbeta isishike sauti ileile mwanzo hadi mwisho, ivimbe kisha ipungue. Kidogo kidogo ile maktaba ya tatu ikaanza kuimba kama okestra ya chini, kwa sababu mtu wa okestra ya chini ndiye aliyekuwa anaifundisha.

*

Mkurugenzi alisikiliza kipande kimoja tu, amefumba macho, miwani kifuani.

"Imekwisha," akasema. "Hakuna mtazamaji atakayejua tofauti. Mimi mwenyewe sijui. Mwisho wa mwezi tutawaaga wale wa chini."

Mtunzi alidhani amesikia vibaya. "Mzee, uliniambia ni ya rasimu."

"Ilikuwa ya rasimu. Umeifanya nzuri mno." Aliona uso wake, akalainisha sauti. "Siyo mimi, binti yangu. Bodi imeamua siku nyingi kwamba okestra haibebeki. Walikuwa wanangoja kitu cha kuziba pengo. Wewe huguswi. Kazi yako iko, bima ya mama iko palepale. Ila usilitangaze kabla ya wenyewe kuambiwa."

Alisema yale ya bima kwa wema. Mtunzi aliyasikia kama mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Akarudi chumbani kwake, akakaa. Aliamua atamwambia Mashavu akifika tu. Mashavu alifika amelowa mvua, karanga amezificha ndani ya shati zisilowe, anacheka peke yake kwa kichekesho alichokisikia kwenye mazoezi. Akakaa, akasogeza kiti, akasema, "Leo tuishughulikie filimbi, ile ndogo, nimeiota." Na Mtunzi akasema moyoni, nitamwambia baada ya filimbi.

Hakumwambia. Siku iliyofuata alimwendea mkurugenzi kumwomba angalau wapuliza ala wabakizwe. Akakataliwa kwa upole. Akaenda tena. Akakataliwa kwa upole uleule. Kila mchana Mashavu alipanda ngazi, na kila mchana yeye alijiambia kwamba habari mbaya ikisubiri kesho haiozi. Alitaka mchana mmoja zaidi, ndivyo ilivyokuwa. Ulipopita, alitaka mwingine.

Wiki iliyofuata ofisa utumishi alishuka kwa okestra akawasomea barua ya kuwaaga. Akaongeza, kwa kudhani anawafariji, kwamba ubora hautashuka, maana mtunzi wao mwenyewe ndiye aliyechagua maktaba, tena akisaidiwa na mmoja wao.

Mashavu hakugonga mlango. Alisimama kizingitini, shati lake jeupe limejikunja mgongoni kama mtu aliyeegemea ukuta muda mrefu.

"Ulijua lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Nilikuwa natafuta namna ya…"

"Wiki iliyopita." Akalizungusha neno mdomoni. "Siku ile ya mvua nilikaa hapo nikakuonyesha jinsi ya kuipa pumzi ile filimbi. Ulikuwa unajua."

"Nilikwenda kwa mkurugenzi. Nimekwenda mara mbili, laazizi, nimemwomba."

"Yule mama wa fidla ya kwanza, yule tunayemwita Shangazi, aliyeingia hapa akiwa msichana. Unajua ameniambia nini mbele ya watu wote? Mwanangu, kumbe ulikuwa unapanda juu kutupima sanda." Sauti yake haikupanda. "Nilifikiri napanda kwa mchumba wangu."

"Ulikuwa unapanda kwangu. Hilo halikuwa la uongo."

"Ungeniambia," akasema. "Ningekuja hivyohivyo. Ungeniambia, ningekaa hapo nikalia, halafu kesho yake ningekuja tena. Hukuniamini hata kwa hilo."

Akaondoka. Karatasi ya karanga ya jana ilikuwa bado kwenye pipa la takataka. Mtunzi akakaa akiitazama ile kompyuta iliyoacha kuhema.

*

Alimpigia simu. Iliita, haikupokelewa. Alipiga asubuhi, alipiga kutoka hospitali, alipiga kwa namba ya jirani. Sauti yake ikatambulika, simu ikakatwa. Baadaye haikuita kabisa. Mama aliuliza mara moja tu, "Mkwe yuko wapi?" na alipojibiwa kwamba amesafiri kidogo, alitazama pembeni kwa adabu ya mtu anayejua anadanganywa.

Tamthilia ikaanza kurushwa. Watu wakaipenda, na zaidi wakaupenda muziki wake. Makondakta wa mabasi waliupiga mluzi, wasichana waliuweka kwenye simu. Siku moja, mama akiwa kwenye kiti cha mashine na mirija mkononi, runinga ya ukutani ikaanza kuupiga. Wauguzi wawili wakauimba kwa midomo iliyofumbwa.

"Huyu si mkwe anayepiga?" mama akauliza.

"Siye, mama. Ni kompyuta."

Mama akasikiliza mpaka ukaisha. "Mbona inasikitika kama yeye?"

Binti alikuwa ameiandika klarineti ile kwa kumbukumbu, kila kusita kwake, kila kuchelewa kwake, na alipokuwa anaiandika alijiona kama mjane anayeshona nguo kwa vipimo vya marehemu. Alitoka nje kwenye korido, akashika ukuta, akalia huku watu wanapita. Hospitalini hakuna anayemshangaa mtu anayelia.

Akiwa hapohapo simu ikaita. Namba ngeni.

"Umeiacha klarineti ikalia muda mrefu mno," sauti ikasema bila salamu. "Sehemu ya pili. Hakuna mtu wa kupuliza vile bila kuvuta pumzi. Atakufa."

Mtunzi akajifuta kwa kiganja. "Nilikuwa na haraka."

"Unalia?"

"Hapana."

"Sawa. Na mimi sikuwa naiangalia tamthilia." Nyuma yake makopo yaligongana. "Mama anaendeleaje?"

"Anakuulizia. Uko wapi?"

"Dukani kwa shemeji, karibu na stendi kuu. Nachanganya rangi za nyumba."

*

Alimkuta nyuma ya kaunta, amevaa ovaroli la bluu lenye madoa ya kila rangi, mashavu yamepungua. Mbele yake mteja alikuwa anabishana kama krimu na maziwa ni rangi moja. Mtunzi akasubiri mpaka akaondoka na krimu yake.

"Sikuja kujitetea," akasema.

"Najua."

"Sikukwambia kwa sababu niliogopa bima ya mama, hiyo ni kweli. Lakini siyo yote. Nilijua nikikwambia hutapanda tena, nami nilitaka upande. Ni hilo tu. Lilikuwa jambo dogo la kibinafsi, na limenifanya nikuache uaibike mbele ya wenzako."

Mashavu alichukua kitambaa akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Nilikukasirikia mpaka nikachoka," akasema. "Halafu nikaona nakukasirikia ili nipate sababu ya kukufikiria kutwa."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mpenzi wangu, zamani. Kurudi ndiko kulikonishinda. Kila nikitaka kukupigia namwona Shangazi anavyofunga fidla yake kwenye kanga kama mtoto."

Akatoka nyuma ya kaunta. Alinuka rangi, Mtunzi akamkumbatia hivyohivyo, gauni lake la kazini likapata doa la kijivu begani ambalo hakulisugua.

Mashavu akaanza tena kufika nyumbani kwa Mtunzi, mama akamzodoa kwa safari yake ndefu, akamkalisha. Kwa wiki chache ilikuwa kama zamani, au walijitahidi iwe. Lakini klarineti haikutoka kwenye kasha. Mtunzi alipomwomba apige japo kidogo, alisema kesho. Kupanda ghorofa ya sita hakukutajwa tena. Na usiku mmoja mama alipowasha runinga, tamthilia ikaanza, Mashavu aliinuka polepole akaenda kusimama uani mpaka muziki ulipokwisha.

Kisha kazi ikapatikana. Shule moja ya mbali, safari ya siku nzima kwa basi, ilikuwa inaanzisha bendi na inataka mwalimu wa ala za kupuliza. Nyumba ipo. Alimweleza Mtunzi sebuleni, mama akiwa amelala chumbani, au wakidhani amelala.

"Twende wote," akasema. "Nikuoe, twende."

"Kule kuna mashine ya mama?"

Alijua jibu. "Hakuna. Basi nabaki. Kuchanganya rangi si kazi mbaya."

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama alisimama ameshika fremu, kitambaa cha kichwa kimelegea. "Mkwe, mchukue," akasema. "Mimi jirani atanipeleka. Na siku asiponipeleka, sitakwenda. Nimeishi."

"Mama, usiseme hivyo," Mashavu akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Sijamtaka mtu kwa bei hiyo."

"Basi mimi ndiye ninayewafunga nyote wawili."

"Hujamfunga mtu," binti akasema. Akamrudisha kitandani, akamfunika miguu, akakaa naye mpaka akapitiwa. Aliporudi sebuleni Mashavu alikuwa kwenye kiti kilekile, mikono katikati ya magoti, kucha zake zina rangi ya bluu isiyotoka.

"Nenda," akamwambia. Hakungoja kesho, wala baada ya chakula. "Ukibaki utabaki kwa ajili yangu, nami nitakuwa nakutazama hupulizi. Siku moja utanichukia na hutaniambia, maana una adabu. Nenda kafundishe."

"Na sisi?"

"Tusiahidiane kitu."

"Unanipenda?"

"Ndiyo maana nakwambia sasa hivi."

*

Stendi ilikuwa imejaa mizigo na mayowe ya wapiga debe. Mashavu alivaa tena shati lake jeupe. Mabegi mawili yaliingia chini ya basi. Kasha alikataa kulitoa mkononi. Walisimama kando ya mlango, wanapishana na abiria, hawajui waweke wapi mikono.

"Niambie nibaki," akasema.

"Panda, moyo wangu. Watakuacha."

Akapanda. Alikaa dirishani upande wa pili, kwa hiyo hakuweza hata kupunga mkono; basi liligeuka, likatoka getini, na Mtunzi akabaki na moshi. Kabla hajafika barabarani simu yake ikaita.

"Nimekupigia kukwambia sina la kukwambia," Mashavu akasema.

"Sema polepole."

Alitembea akimsikiliza. Mashavu alimwambia aliyekaa naye ni mwanamke mwenye kuku wawili kwenye kapu, na mmoja anamtazama kwa dharau. Alimwambia wamepita viwanda. Wamepita mahali mvua imenyesha, barabara inang'aa. Sauti ilianza kukatika katikati ya maneno.

"Mama amekunywa dawa zake za mchana?"

"Bado. Ndiyo naenda kumpa."

"Mwambie nimesema…"

Mtandao ukakata. Mtunzi akapiga, haikupatikana, akapiga tena. Akasimama kidogo chini ya kibaraza cha duka la viatu, simu bado sikioni, watu wanampita kushoto na kulia. Kisha akaitia mfukoni, akavuka barabara, akaharakisha, maana mama alikuwa peke yake na dawa zilikuwa zimeshachelewa.